Chungu Kisichotiwa Chumvi

Yawa hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Alifika mlangoni kwa Akuvi na bakuli la mfuniko, akaliweka kwenye kizingiti, akakohoa mara moja ili aliye ndani ajue chakula kimefika, kisha akarudi upande wake wa ua. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu Akuvi aliporudi kutoka hospitali kwa mara ya pili, na daktari kumwambia kwamba moyo wake umechoka, hausukumi damu kama zamani, na kwamba chumvi sasa ni adui yake.

Ua ulikuwa wa marehemu Dotse, mkulima wa vitunguu. Nyumba mbili zilitazamana mlango kwa mlango, maana Dotse alizijenga hivyo makusudi asije akaambiwa anapendelea. Moja ya Akuvi, bi mkubwa. Ya pili ya Yawa, bi mdogo. Zamani ua huo ulijaa watoto na mbuzi na harufu ya vitunguu vilivyoanikwa. Sasa Dotse yuko kaburini, watoto wa Yawa, Selasi na ndugu zake, wametawanyika Tema na Accra, na Esinam, mtoto pekee wa Akuvi aliyebaki hai, ameolewa Libreville na hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Bahari nayo ilikuwa imekula safu nzima ya nyumba za mbele, na majirani walionusurika wakahamia ng'ambo ya wangwa, lile ziwa la maji ya chumvi nyuma ya nyumba. Katika ule ukanda mwembamba wa kijiji cha Tsakope, wakabaki wanawake wawili wasiopendana, na mchanga.

Kumkataza Akuvi chumvi kulikuwa sawa na kumkataza mhunzi moto. Kila kiangazi wangwa ulipokauka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia na karai lake, na wanawake wengine wakimfuata nyuma wakikwangua ule weupe hadi viganja vinapasuka. Akuvi wa Chumvi, ndivyo walivyomwita. Leo anafunua bakuli la Yawa, anachovya tonge la akple, ugali wa mahindi na muhogo, kwenye mchuzi wa bamia, na ulimi haupati kitu. Basi Yawa akishatoweka, Akuvi huinama kwa taabu, huvuta kopo la maziwa chini ya kitanda, na kunyunyiza. Chumvi yake mwenyewe, aliyoikwangua kwa mikono yake. Nani wa kumzuia?

Na dawa pia alikuwa na yake. Kile kidonge cheupe cha kukojoza alikimeza siku asizokuwa na safari. Jumapili na siku za mazishi alikificha chini ya mkeka. Kulikuwa na Jumapili moja kilimshika katikati ya mahubiri, akainuka, akasukuma magoti ya watu, na hakuufikia mlango. Kitenge kililowa mbele ya wanakwaya. Hakumwambia mtu, na hakuna mtu aliyemwambia kitu. Wote walitazama vitabu vyao vya nyimbo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Bi mkubwa! Umemeza?" Yawa alipaza sauti kila asubuhi kutoka jikoni kwake.

"Nimemeza!"

"Vyote?"

"Njoo basi nikufunulie koo uangalie!"

"Koo hilo nalijua siku nyingi. Linameza uongo vizuri kuliko dawa!"

Akuvi alifyonya, akafunga mlango. Moyoni alisema, mwanamke huyu alininyang'anya mume, sasa ananihesabia vidonge anione nikifa kwa utaratibu.

Msimu wa upepo mkavu ulipoanza, asubuhi moja Akuvi alishindwa kulala chali. Akilala, maji yalipanda kifuani kama anayezama. Akajiburuta hadi mlangoni, akakaa akiegemea mwimo, mdomo wazi. Aliuona moshi wa jiko la Yawa ukianza kupanda. Angeweza kuita. Hakuita. Yawa alipokuja na uji, alimkuta na uso umevimba, midomo imekuwa ya majivu. Bakuli lilimponyoka. Alikimbia hadi barabarani kichwa wazi, akasimamisha bajaji kwa kulala mbele yake, na wakaenda.

Hospitali ya wilaya walimlaza siku kadhaa, wakamtoa maji. Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja aliyeitwa Kafui akawaita wote wawili kwenye chumba kidogo cha nyuma, penye benchi na pangaboi lisilozunguka. Kafui ndiye aliyekuwa amewekwa kuzungumza na wagonjwa wa moyo na watu wa nyumbani kwao. Hakuwa na faili mkononi. Aliketi benchi moja nao, si upande wa pili wa meza.

"Mama Akuvi, sikukuita nikugombeze."

"Basi umeniitia nini? Wenzako wote hugomba."

"Na waligomba, ikasaidia?"

"Ilinisaidia kuwa kiziwi."

Kafui akacheka kicheko cha kweli. "Haya. Niambie siku yako. Ukiamka unafanya nini?"

Akuvi alidhani ni mtego. Alijibu polepole. "Naamka, nakaa. Mchana nakaa. Jioni nakaa. Kisha nalala, nikiweza."

"Unakaa na nani?"

Akuvi akatazama dirishani. "Na mchanga."

Yawa akaruka. "Na mimi je? Mimi ni mbuzi?"

"Zamu yako inakuja, mama," Kafui akamwambia kwa upole, bila kuyatoa macho kwa Akuvi. "Na moyo ukikupa nafasi kidogo, ungependa ufanye nini?"

Swali hilo lilimshangaza. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimwambia asifanye nini. Akasema angependa kurudi wangwani kiangazi kikifika. Si kukwangua, kukwangua kumekwisha. Kukaa tu pale pembeni, wanawake wamtanie naye awatanie.

"Kumbe si chumvi tu unayoikosa," Kafui akasema. "Unawakosa watu."

Akuvi akaacha kutazama dirishani. Kisha, bila kujua imekuwaje, akajikuta anaeleza habari ya Jumapili ile, kitenge na wanakwaya na vitabu vya nyimbo, na vidonge chini ya mkeka. Alieleza akitazama vidole vyake vya miguu. Alingoja kugombezwa.

Kafui hakusema ni kosa. Akauliza: "Wewe ungefanyaje, ili upate kanisa na upate dawa?"

Akuvi akafikiri. "Nikikimeza baada ya kutoka kanisani, kutaharibika nini?"

"Hakutaharibika kitu."

"Sasa mbona hamkuniambia siku zote hizi?"

"Hatukukuuliza," Kafui akasema. Kisha akageuka. "Na wewe, Mama Selasi. Unaendeleaje?"

Yawa akacheka. "Mimi siumwi, mwanangu. Mgonjwa ni huyu."

"Najua. Nakuuliza wewe."

Yawa alifungua mdomo atoe mzaha wake, na mzaha haukuja. Alikunja pindo la kanga, akalikunjua. Pale uani alikuwa mwanamke wa sauti. Akuvi hakuwahi kumwona akitafuta neno.

"Asubuhi," akasema, "kabla sijawasha moto, nakwenda kusimama mlangoni kwake. Nasikiliza. Nikimsikia anakohoa au anajigeuza, narudi zangu kuwasha. Nisipomsikia, siwashi. Nasimama tu. Siku nyingine nasimama hadi jua linanikuta." Akapangusa pua kwa kiganja. "Selasi ananiita Tema tangu mwaka juzi. Namwambia nina vitunguu shambani. Vitunguu gani? Shamba lilishaliwa na bahari. Sasa huyu akiondoka, pale uani nitagombana na nani?"

Akuvi alimtazama mke mwenzake kama mtu anayeiona nyumba yake mwenyewe kutoka upande wa nyuma.

"Kwa hiyo unapomfokea juu ya dawa..." Kafui akaanza.

"Naogopa! Ndiyo, naogopa. Sasa mnataka nini?"

Wakarudi Tsakope. Walipofika, kila mmoja akaingia kwake. Jioni, jua likiwa bado halijazama, Akuvi akatoa kopo lake chini ya kitanda, akavuka ua. Ni hatua chache tu, lakini alipumzika katikati, na hakukumbuka lini aliuvuka mara ya mwisho isipokuwa kwa ugomvi. Akaliweka kopo miguuni pa Yawa.

"Nini hiki?"

"Unajua ni nini."

Yawa hakulifunua. "Nilijua. Bakuli lilikuwa likirudi na chembe ukingoni. Uso huu una macho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kula kabisa. Nikawaza, bora ale na chumvi kuliko afe na njaa. Halafu nawaza, hiyo chumvi ndiyo itakayomuua. Nilichanganyikiwa, bi mkubwa. Sikuwa na wa kumuuliza."

Akuvi akakaa kwenye kigoda, pumzi ikiwa fupi. Chunguni mlikuwa mkichemka bamia ya bila chumvi, ya mgonjwa. Na pembeni kulikuwa na kachungu ka Yawa mwenyewe, kenye samaki wa chumvi. Yawa alivitazama vyungu viwili, akaepua kale kadogo, akakaweka mbali. Akapakua bakuli moja. Walinawa, wakala mikono miwili bakuli moja, kama watu wa nyumba moja.

"Uuu," Yawa akasema. "Chakula hiki kina ladha ya karatasi."

"Sasa umejua ninachokula."

"Nimejua kwa nini una kisirani."

Kesho yake Yawa alitia tangawizi na ndimu. Keshokutwa alikaanga vitunguu vidogo mpaka vikawa vyeusi ukingoni, akatia pilipili iliyowatoa wote machozi. Samaki akamnunua wa moshi, asiyetiwa chumvi. Ulimi wa Akuvi uliokuwa umelala ukaanza kuamka taratibu, ukajifunza kwamba bamia ina ladha yake na nyanya ina yake.

Kafui aliwaazima mizani ya kusimamia. Kila asubuhi, akishakwenda haja na kabla hajala, Akuvi alipanda juu yake akishika ukuta, na Yawa aliinama kuusoma mshale, kwa kuwa macho ya Akuvi yalikuwa yamefifia. Mshale ukipanda ghafla siku mbili tatu mfululizo, si unene huo, ni maji, wapige simu. Na wakiminya muundi wa mguu kwa dole gumba, shimo likabaki, wapige simu. Hilo ndilo lililokuwa somo lote.

"Leo umepungua," Yawa alisema. "Ukiendelea hivi tutaiona shingo. Dotse hakuwahi kuiona."

"Aliiona kabla yako."

Hawakugeuka marafiki, tusidanganyane. Bado walibishana nani alimpikia Dotse chakula cha mwisho, na ile shuka ya thamani ya kufumwa, iitwayo kete, iliyopotea siku ya mazishi ilikwenda wapi. Lakini walibishana bakuli likiwa katikati. Na kiangazi kilipofika, Yawa alimshika mkono Akuvi hadi ukingoni mwa wangwa, akamgeuzia karai, akamkalisha juu yake chini ya mwavuli. Wanawake wakapiga vigelegele. "Akuvi wa Chumvi! Umekuja kutusimamia au kutuibia?" "Nimekuja kuona mnavyokwangua kama kuku wagonjwa!" Alicheka hadi akahitaji kupumzika kwa kucheka.

Halafu mke wa Selasi akajifungua pacha huko Tema.

Selasi alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Mkewe alipasuliwa, hawezi kuinama, mama mzazi wa mkewe alikwisha kufa. Yawa alimjibu kwamba ana kazi. Akuvi, upande wa pili wa ua, alisikia kila neno, maana Yawa huzungumza kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya wangwa.

Wiki ile Kafui naye alipiga, kama alivyozoea. Alipouliza nini kinamsumbua, Akuvi akasema, "Kuna mtu nimemfunga kamba, naye hajui kuwa kafungwa."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka asiondoke," Akuvi akasema. Akautazama mlango wa Yawa ng'ambo ya ua. "Ndiyo maana nitamwambia aende."

Alimwambia wakati wa kula.

"Nenda."

"Niende wapi?"

"Tema. Wajukuu wako wanalia, nawasikia mpaka huku."

"Na mizani nani atakusomea?"

"Nitavaa miwani ya Dotse."

"Ile ina jicho moja limevunjika."

"Hata moyo wangu umevunjika upande mmoja, na unakwenda."

Yawa aliacha tonge hewani. "Unanifukuza, bi mkubwa?"

"Nakufukuza. Nilitaka kukufukuza tangu siku ulipoletwa hapa na sanduku lako jekundu. Leo nimepata nafasi."

Alitumaini, hata alipokuwa akisema, kwamba Yawa angekataa kama kawaida yake. Yawa hakukataa. Alikwenda Jumatatu, na mzigo wa samaki wa moshi kwa ajili ya mzazi, na mlangoni alisimama kama aliyesahau kitu, akasema tu, "Mlango wa jikoni kwangu unakwama, uusukume kwa goti."

Asubuhi ya kwanza Akuvi aliamka mapema, akalala akingoja. Hakujua anangoja nini mpaka jua lilipoingia dirishani. Alikuwa akingoja kikohozi cha Yawa kizingitini. Akainuka mwenyewe, akapanda mizani mwenyewe, akausoma mshale kwa jicho moja la Dotse. Alimeza dawa zake. Akangoja kuulizwa, na hakuna aliyeuliza.

Upweke una tabia ya kuzoeleka mchana na kusahaulika jioni, kisha kuja upya asubuhi kama mgeni asiye na haya. Alipika chungu kidogo, kikawa kikubwa. Alizungumza na kuku mmoja aliyepotea njia. Upepo ulipovuma ulirundika mchanga mlangoni kwa Yawa, naye akawa anaufagia, kidogo leo na kidogo kesho, akipumzika kila pumzi ilipomwambia.

Ikatokea matanga ya mzee mmoja wa kanisani. Watu walikuwa wengi, ngoma ya agbadza ikilia, na Akuvi akakalishwa katikati ya wanawake wenzake. Sahani zilipopita, ya kwake ilikuwa na samaki wa chumvi, mwekundu wa mafuta. "Kula, Mama Akuvi, umekonda!" Angeweza kukataa. Lakini ni tangu lini alikaa bega kwa bega na watu, mkono wake kwenye sahani yao? Alikula yote. Akaongezewa, akala tena. Na alikuwa na furaha, asidanganye.

Kesho yake mshale ulipanda. Keshokutwa ukapanda zaidi. Akaminya muundi kwa dole gumba, na shimo likabaki pale, likimtazama.

Alikaa kitandani. Ua ulikuwa kimya. Hakuna wa kumwita mwongo. Angeweza kungoja Yawa apige, amwambie ni salama. Angeweza kukaa mlangoni akiegemea mwimo, kama siku ile, na safari hii hakuna ambaye angetoka jikoni na uji. Hilo alilifikiria kwa utulivu uliomtisha. Kisha akajisikia anasema kwa sauti, chumba kitupu, "Mimi sijakwisha." Akatafuta simu, akampigia Kafui, akamwambia bila kuzunguka: nimekula samaki wa chumvi matangani, mshale umepanda, mguu unashika shimo.

"Umefanya vema kuniambia," Kafui akasema. "Njoo leo."

Akavaa. Akafunga mlango. Akatembea taratibu hadi barabarani, akasimamisha bajaji kwa mkono, kwa heshima.

Pale hospitali walimsikiliza kifua, wakamwongezea kidonge kwa siku chache, wakamwambia amekuja mapema, hana haja ya kulazwa. Kafui aliangalia nyuma ya Akuvi, mlangoni.

"Nani kakuleta, mama?"

"Nimejileta."

Kafui alimshika mikono miwili.

Akuvi alirudi nyumbani alasiri. Alisukuma mlango, akasimama uani na habari yake, na hakuwa na wa kumpa. Akakaa kwenye kigoda, akampigia Yawa. Alimweleza yote, na Yawa akamporomoshea maneno, mlafi wewe, huna adabu, mzee wa watu kafa na wewe unataka umfuate na sahani mkononi. Akuvi alisikiliza akitabasamu. Maneno yakaisha.

"Huko unakula vizuri?" Akuvi akauliza.

Yawa akapunguza sauti. "Wao wanakula mbele ya televisheni. Chakula changu wanasema hakina ladha, mkono wangu umeshazoea kile cha kwetu. Basi najipikia kachungu kangu, nakula jikoni."

"Peke yako?"

"Na wewe huko unakula na nani?"

Kwa mbali pacha mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea.

"Usikate," Yawa akasema. "Nakuja."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Akuvi alingoja, akisikiliza nyayo za Yawa zikienda na kurudi katika nyumba asiyoijua, na sauti ile kubwa ikibembeleza chini kwa chini, laini, kwa namna ambayo hakupata kuisikia hata Dotse alipokuwa hai. Alisikiliza mpaka salio likaisha.

Aliishika simu kifuani kidogo. Kisha akainuka polepole, akasukuma mlango wa jikoni kwa goti, akaenda kuosha bamia.